Kupiga kambi Garner na watoto wasiojua kuogelea: jibu kwa mama wa Houston

Mama mmoja anayeishi Houston, mzaliwa wa Tabora, ameniandikia kuomba ushauri. Familia tatu za kanisani kwao zimepanga kwenda kulala siku mbili kwenye hifadhi ya jimbo ya Garner, kando ya Mto Frio, mwezi wa saba. Wao wamealikwa. Ana watoto watatu, wa miaka 14, 9 na 4. Yeye na mumewe hawajui kuogelea, na kijana mkubwa alijifunza kidogo tu shuleni. Anauliza: wakubali au wakatae? Mto wenyewe una mamba, una kichocho? Baada ya yale mafuriko ya Julai 2025, kuna mtu mwenye akili timamu anayelala kando ya mto wa Texas? Na wakienda, wanunue hema au la?

Dada yangu, nendeni. Ila msikubali mwaliko mpaka mambo mawili yawe yameamuliwa mkiwa bado nyumbani: nani atatazama maji, na mtakimbilia wapi mvua ikinyesha usiku. Mkishayamaliza hayo mawili, kutojua kwenu kuogelea hakutawazuia kuwalinda watoto. Msipoyamaliza, hata kama katika kundi lenu yupo bingwa wa kuogelea, bado mnabahatisha.

Kwanza upajue pahali penyewe. Garner iko kaunti ya Uvalde, karibu na kijiji cha Concan, mwendo wa saa tano hivi kwa gari kutoka kwenu. Ilijengwa miaka ya 1930 na vijana wa CCC, mpango wa serikali ya Rais Roosevelt wa kuwapa kazi vijana waliokosa ajira wakati uchumi umeanguka, ikafunguliwa mwaka 1941. Imepewa jina la John Nance Garner, mtu wa Uvalde aliyekuwa Makamu wa Rais kuanzia 1933 hadi 1941. Mto Frio unapita ndani ya hifadhi kwa zaidi ya kilomita 4. Maji yake yanatoka kwenye chemchemi, yanapita juu ya mawe ya chokaa, nayo huwa maangavu hata ukisimama yamefika kiunoni unaona vidole vyako vya miguu. Ukingoni imejipanga miti mikubwa ya saipresi yenye kivuli cha kutosha ukoo mzima. Jioni za kiangazi muziki hupigwa kwenye ule uwanja wa zamani uliojengwa na vijana wa CCC, na watu wa rika zote hucheza, desturi iliyoanza miaka ya 1940. Kijana wako wa miaka 14 atajifanya hataki kwenda, na usiku wa pili utamtafuta huko.

Sasa nikutoe hofu unayokuja nayo kutoka nyumbani. Mamba hawapo Texas. Wapo ndugu zao, aligeta, lakini wao hupenda mashariki mwa jimbo na ukanda wa pwani, kwenye mabwawa na mito inayokwenda polepole. Ukitaka kuwaona huna haja ya kwenda mbali: hifadhi ya Brazos Bend iko jirani kabisa na Houston, utawakuta wamejianika juani, na ndiyo sababu kule kuogelea ni marufuku. Frio, mto wa vilimani wenye maji baridi na mawe, si makao yao.

Kichocho nacho kiondoe kichwani. Ugonjwa ule unahitaji aina maalumu za konokono ili vijidudu vyake vikue, na hapa Marekani haupatikani mtoni. Wanaougua hapa huwa wameupata kwingine. Najua tulivyolelewa tukiambiwa usikanyage maji ya mto, na kwa Ziwa Victoria au mabwawa ya mpunga onyo hilo ni la haki hadi leo. Frio ni habari nyingine.

Kuna kidudu kimoja ambacho utakisikia kwenye habari za kiangazi: amiba anayeingia puani na kushambulia ubongo. Yupo Texas, na ugonjwa wake karibu kila mara huua. Lakini nchi nzima ya Marekani huripoti watu wasiofika 10 kwa mwaka. Hupenda maji yenye joto yaliyotuama, na haingii mwilini kwa kumeza, huingia kwa maji kusukumwa juu puani. Basi kwenye vidimbwi vya pembeni, vile ambavyo maji yake ni vuguvugu na hayatembei, watoto wasipige mbizi. Kwenye mkondo unaotembea wafundishe kuziba pua wanapozama, au wanunulie vibanio vya pua.

Nyoka wapo: wa majini, wa kwenye mawe, wenye sumu na wasio na sumu. Karibu wote watakuona kabla hujawaona, na wataondoka. Usiingize mkono chini ya jiwe wala kwenye mizizi ya saipresi usikokuona, usitembee usiku bila tochi, na viatu vikung'ute kabla ya kuvaa kwa sababu ya nge. Wanaowasumbua watu kweli kweli kambini ni siafu wekundu wa Texas, wale ambao kichuguu chao ni kidogo na hukioni mpaka umekikanyaga. Kabla ya kutandika turubai, zunguka eneo lote ukiangalia chini.

Nimeyapitia hayo haraka kwa makusudi. Kwa miaka niliyofundisha kuogelea na kupeleka familia za kwetu mitoni, nimeona wazazi wakimaliza ulinzi wao wote kwenye mamba na nyoka, kisha wakifika mtoni wanaketi. Maji wanayaona yametulia, yanaishia magotini, na watoto wako wengi pamoja. Nyama ipo jikoni. Watu wazima wanane wapo ukingoni na kila mmoja anaamini mwenzake anatazama. Hiyo ndiyo hali inayoua watoto, na hutokea mchana kweupe.

Anayezama hapigi kelele. Watu hungoja yowe, hungoja mikono ipungwe hewani, na hivyo havitokei, kwa sababu mwili unaotafuta pumzi hauna pumzi ya kupigia kelele. Mikono hubonyeza maji kwa pande, kichwa huinama nyuma, mdomo uko sawa na uso wa maji, unatokeza na kuzama. Miguu haipigi. Mtoto anaonekana amesimama wima majini anaangalia mawinguni. Ukimwona hivyo mwite. Asipojibu, unayo nusu dakika, pengine dakika moja. Mtoto wa miaka 4 hana hata hizo.

Kwa hiyo pangeni zamu ya macho. Nunueni kofia moja ya rangi kali, nyekundu au ya chungwa. Aliyeivaa ndiye anayetazama maji, hana kazi nyingine yoyote: hashiki simu, hageuzi nyama, hapigi picha, hanywi pombe, hasogei pale alipo mpaka mwenzake aivae kichwani na aseme kwa mdomo wake, "Nimepokea, watoto ni sita." Baada ya dakika 20 mnabadilishana, maana macho huchoka. Idadi ya watoto ihesabiwe kila mnapopokezana. Hili si gumu kwa familia nne, na utaona kwamba yule mzazi anayelidharau asubuhi ndiye atakayelishika sana jioni.

Zamu hiyo haihitaji mtu anayejua kuogelea. Inahitaji macho, na mtu aliyesimama mahali panapofaa. Wewe au baba yao asimame ndani ya maji, yamefika magotini au mapajani, upande ambao mkondo unaelekea, yaani watoto wako juu yake na yeye yuko chini yao. Mtoto akiteleza, maji yatamleta kwako. Wazazi wengi husimama upande wa juu kwa sababu ndiko walikoingilia, na mtoto akiponyoka anamwona mgongo tu. Na wewe mwenyewe uliyesimama majini uvae jaketi la kuokoa maisha. Wala usione haya.

Majaketi ndiyo ununuzi wa kwanza, kabla ya hema na kabla ya jiko. Tafuta lenye maandishi ya kuthibitishwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani, na usome uzito uliochapishwa ndani. Mtoto wa miaka 4 kwa kawaida anaangukia kundi la kilo 14 hadi 23, wa miaka 9 kundi la kilo 23 hadi 41, na zaidi ya hapo ni la watu wazima. Ila mpime mtoto kwenye mizani, usikisie kwa umri. Ukishamfunga, mshike jaketi mabegani umnyanyue kidogo: likipanda mpaka kidevu na masikio vinamezwa, ni kubwa, majini litamvuka kichwa. La mdogo liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Vile vibofu vya kupuliza vinavyovaliwa mikononi, na mabata ya upepo, ni vya kuchezea. Hupasuka, huvuka, na humfanya mtoto ajiamini kuliko uwezo wake. Hifadhi nyingi za Texas huazimisha majaketi bure, ulizeni langoni, lakini msitegemee kwamba saizi yenu itakuwepo Jumamosi ya Julai. Garner haina waokoaji wanaokaa kwenye mnara kama mliowazoea kwenye mabwawa ya jiji.

Mavazi yenu pia. Sisi wanawake wa kwetu huingia majini na dera, au na khanga tumejifunga. Ufukweni kwenye maji ya magoti linapita. Mtoni dera likilowa linakuwa zito, mkondo unalijaza na kulivuta, na kama umebeba mtoto huwezi tena kupiga hatua. Vaa suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu, vinasitiri vizuri na vinakukinga na jua. Miguuni, viatu vya majini vya kufunga. Kandambili zitaondoka na maji, na mtoto atazifuata. Mawe ya chokaa yenye ukungu wa kijani yanateleza hata kwa mtu mzima mwenye uzoefu.

Mkifika ukingoni, usimruhusu mtu aingie mara moja. Chukua kijiti, kitupe katikati ya mkondo, utembee nacho sambamba ukiwa nchi kavu. Ukienda nacho kwa mwendo wa kawaida, maji hayo mtoto wa miaka 9 mwenye jaketi anayaweza. Ukilazimika kuharakisha, wa miaka 4 abaki pembeni kabisa. Ukilazimika kukimbia, leo hakuna anayeingia hapo, tafuteni sehemu nyingine. Tazama pia mto unapopinda: upande wa nje wa kona ndiko maji yanakochimba, kuna kina na kasi, na upande wa ndani ndiko changarawe hujikusanya na maji huwa ya kina kifupi. Wadogo wachezee huko ndani. Changarawe nayo ina hila yake, kwani hushuka taratibu hatua tano kisha ya sita inakatika. Mtu mzima atangulie kutembea eneo lote watakalochezea, kwa miguu yake, kabla ya mtoto yeyote.

Mahali maji yanapopita katikati ya mizizi au matawi yaliyoanguka, kaeni mbali. Maji hupenya, mtu hubaki amebanwa. Vivyo hivyo chini ya kizuizi chochote kidogo kilichojengwa kukatisha mto: kwa juu panaonekana pa kuchezea, lakini maji yanayoanguka hujirudia na kumgeuzageuza mtu pale pale. Na mkiteleza kwenye maji ya kasi, mtu asijaribu kusimama, maana mguu ukinasa kati ya mawe mkondo utamlaza kifudifudi. Alale chali, miguu imetangulia kule maji yanakoelekea, apige makasia kwa mikono kuelekea ukingoni. Mfundishe kijana wako hili kwenye kochi la sebuleni kabla hamjaondoka.

Yeye ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wadogo zake. Anajua kuogelea kidogo, na kidogo hicho alikipata kwenye bwawa lenye mistari na ukuta wa kushika. Atakuta vijana wenzake wanaruka kutoka kwenye mawe na matawi, na wasichana wanatazama. Mwambie wazi kwamba hakuna kuruka wala kutanguliza kichwa mahali ambapo hajapapima kwa miguu mwaka huu huu, leo hii, kwani kina cha Frio hubadilika, na miaka ya ukame hupungua sana hata pale palipokuwa kilindi panabaki mawe matupu. Jaketi avae. Wala asipewe kazi ya kuwalinda wadogo zake majini. Mtoto hamwokoi mtoto, na mara nyingi wanapotea wote wawili.

Maboya ya tairi, tyubu kama tunavyoita, yanakodishwa na ndiyo furaha kuu ya Frio: unakaa, mto unakubeba taratibu chini ya miti. Mdogo aahirishe mpaka miaka ijayo. Wa miaka 9 apande na mtu mzima anayeogelea, wote na majaketi, na msifunge tyubu pamoja kwa kamba, kwani zikikwama kwenye mti zinakwama zote.

Ikitokea mtu amezidiwa majini, nyinyi wawili msiingie. Nasema hivyo nikijua ni mtoto wako. Mzazi asiyejua kuogelea akijitosa, waokoaji hukuta watu wawili wa kutafuta. Muwe na kamba ya kurusha ukingoni, imefungwa kwenye dumu tupu la lita tano lenye kifuniko, mkaijaribu nyumbani uani mpaka mkono uzoee. Mfikishie fimbo, mrushie dumu, huku mwingine anapiga 911. Akitolewa hapumui, aliyezama anahitaji pumzi: mpulizie mdomoni mara 2, kisha bonyeza kifua mara 30, pumzi 2, na kuendelea hivyo mpaka msaada ufike. Kubonyeza kifua peke yake, tunakoonyeshwa kwa ajili ya mshtuko wa moyo, hakutoshi kwa mtu aliyekosa hewa majini. Mafunzo haya yanatolewa na Msalaba Mwekundu kwa siku moja. Mmoja wenu ahudhurie kabla ya Julai.

Nikuulize na wewe: kuna mtoto mwenye selimundu katika zile familia tatu? Mara nyingi katika jamii zetu yupo, na wenyeji hawafikirii kuuliza. Maji ya Frio ni baridi hata joto la nje likiwa nyuzi 38, na baridi ya ghafla pamoja na kukosa maji ya kunywa vinaweza kuamsha maumivu makali. Mtoto huyo achezee pembeni palipopata jua, atoke mapema, akaushwe na kuvalishwa mara moja, anywe maji kila saa, na wazazi wake waongee na daktari wao kabla ya safari. Mwenye kifafa asiwe majini bila mtu mzima anayeweza kumgusa kwa mkono, hata kwa dakika moja.

Sasa mafuriko. Hili ndilo lililokunyima usingizi, na una haki.

Alfajiri ya tarehe 4 Julai 2025, katika kaunti ya Kerr, Mto Guadalupe ulipanda karibu mita 8 kwa muda wa dakika 45. Watu walikuwa wamelala. Zaidi ya watu 130 walikufa katika mafuriko ya siku zile, wengi wao kaunti hiyo, wakiwemo wasichana waliokuwa kwenye kambi ya likizo. Guadalupe si Frio, lakini vilima ni vile vile. Mwaka 1987, karibu na mji wa Comfort, basi la vijana waliokuwa wanahamishwa kutoka kambi ya kanisa lilikwama kwenye maji ya Guadalupe huo huo, wakafa vijana 10. Chanzo hakijabadilika. Udongo wa vilima hivi ni mwembamba, chini yake ni mwamba wa chokaa, na mvua ikianguka hapo inatiririka kama juu ya bati. Hewa yenye unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Meksiko, inakutana na vilima, inamwaga kwa nguvu mahali pamoja. Kisha maji yote yanaingia kwenye mabonde membamba ambako ndiko penye mito, kivuli, na viwanja vya kambi.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mvua itakayowadhuru si lazima iwanyeshee nyinyi. Frio unaanzia juu, kaskazini ya mji wa Leakey. Huko kunaweza kunyesha usiku huku juu yenu kuna nyota. Basi utabiri mtakaousoma usiwe wa Garner peke yake, someni na wa Leakey na kaunti ya Real.

Siku tatu kabla ya safari anza kufuatilia. Shirika la jiolojia la Marekani, USGS, lina kipimo cha mto pale Concan, na mtu yeyote anaweza kuona kwenye tovuti yao maji yako kiasi gani sasa yakilinganishwa na kawaida ya majira hayo. Yakiwa juu sana au mstari unapanda, ahirisheni. Pigeni simu ofisi ya hifadhi, mwulize mlinzi mto ukoje. Wanajibu vizuri na hawachoki kuulizwa. Utabiri ukitaja mvua kubwa ya ngurumo kwa usiku mtakaolala, msiende. Fedha ya nafasi ya kambi ikipotea ipotee. Mkubaliane hilo sasa hivi, familia zote nne, kwa sababu siku ya safari magari yakishapakiwa hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema turudi.

Mkifika, kabla ya kushusha mizigo, shikeni watoto mikono mpande kwa miguu kutoka pale mtakapolala hadi mahali pa juu pasipofikiwa na maji. Mwulizeni mlinzi ni wapi. Tembeeni njia hiyo tena giza likiingia, na tochi, mpaka wa miaka 9 aweze kuwaongoza. Ombeni nafasi ya kambi iliyo mbali na ukingo. Kila kambi huwa na watu wanaoililia ile ya mtoni, waachieni. Usiku viatu vya kila mtu viwe mlangoni, funguo za gari mahali pamoja, gari limegeuzwa kuangalia njia ya kutokea, watoto wote hema moja na wazazi wao.

Simu isiwe tegemeo lenu pekee. Mtandao kwenye bonde lile husuasua, na tahadhari inaweza isifike. Nunueni redio ndogo ya hali ya hewa inayopokea matangazo ya NOAA, idara ya Marekani inayoshughulikia hali ya hewa na bahari, yenye betri au ya kuzungushwa kwa mkono, muiache imewashwa upande wa tahadhari. Ikitangaza Flash Flood Watch, maana yake hali inaruhusu mafuriko: pakieni vitu, mtu mmoja akeshe, watoto wasiingie mtoni. Ikitangaza Flash Flood Warning, mafuriko yapo au yanakuja sasa: pandeni juu kwa miguu dakika hiyo hiyo, mkiacha hema, jiko, deli la vyakula na kila kitu. Msingoje kuthibitisha kwa macho. Na hata redio isiposema kitu, yatazameni maji yenyewe. Yakibadilika rangi ghafla kuwa ya udongo, majani na vijiti vikianza kupita vingi, jiwe mlilokuwa mnalikalia limefunikwa, au mto umeanza kunguruma tofauti na mwanzo, tokeni.

Msijaribu kuvuka maji kwa gari. Sentimita 15 za maji ya kasi zinamwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinalibeba gari dogo, na 60 zinachukua karibu gari lolote, likiwemo lile kubwa la baba yao. Barabara za vilimani zimejaa vivuko vya chini ambavyo mto hupita juu yake. Usiku huoni kama lami bado ipo. Walio wengi katika vifo vya mafuriko hapa Texas walikuwa ndani ya gari. Kukaa juu kilimani mkilowana mpaka kukuche ni salama zaidi.

Ya kambini mtayajifunza huko huko, lakini machache yaepushe faini. Kunywa pombe au kuionyesha hadharani hakuruhusiwi katika hifadhi za Texas. Kuanzia saa nne usiku ni kimya, spika za magari zizimwe. Kuni msiokote msituni, nunueni pale. Wakati wa ukame moto wa wazi hupigwa marufuku, hivyo bebeni jiko la gesi hata kama mmepania nyama choma ya mkaa, na ugali utaiva vizuri tu. Chakula kifungiwe ndani ya gari usiku, la sivyo rakuni, wanyama wadogo wa usiku wenye ujanja mwingi, watafungua deli kwa mikono yao na kula kuku wote.

Nafasi za kulala huwekwa hadi miezi mitano kabla, na za Julai huisha mapema. Kama wenzenu hawajaweka, mshituke sasa. Pasi za kushinda mchana tu zinafunguliwa mwezi mmoja kabla, nazo huisha, na hifadhi ikijaa lango linafungwa hata kama mmetoka Houston usiku wa manane. Siku za katikati ya wiki zina watu wachache, na kwenu hilo ni jambo la usalama pia: macho ya mwenye kofia huona vizuri maji yasiyo na umati.

Kuhusu hema: msinunue bado. Garner ina vibanda vyenye sakafu ya saruji na kuta za wavu wa kuzuia mbu, mnaingia na magodoro ya upepo na shuka zenu, na kwa familia inayoanza ndicho ningechagua. Vikiwa vimejaa, azimeni hema kanisani, mlisimamishe uani kwenu, mlale humo usiku mmoja. Idara ya Texas Parks and Wildlife pia ina programu iitwayo Texas Outdoor Family, ambayo hufundisha familia zisizowahi kupiga kambi na kuwapa vifaa vya kutumia kwa usiku huo. Fedha mtakayookoa kwenye hema ipelekeni kwenye majaketi matano na ada ya darasa la kuogelea YMCA, mkiandikisha watoto watatu na nyinyi wawili pamoja nao. Watu wazima wana darasa lao, na nusu ya wanaokuja kwangu walianza wakiwa wamepita miaka 40.